Wanzuki, mtama au chupa: pa kunywa bia ya pekee Tabora

Shemeji yangu aliposhuka treni hapa Tabora mwezi wa saba, hata begi halijagusa chini, aliniambia: "Shem, sikuja kunywa Safari wala Kilimanjaro. Hizo ziko mlangoni kwangu Mbagala. Nipeleke penye bia ambayo nikirudi nitaihadithia." Nikamwitikia haraka, kama mwenyeji anavyoitikia mgeni, kisha usiku nikalala nikiwaza. Mji huu nimeishi miaka kumi na sita. Baa zenye nyama laini nazijua, zenye muziki nazijua, zenye mhudumu anayekumbuka jina lako nazijua. Yeye aliuliza kinywaji chenyewe, na hapo nikajiona sina jibu la papo kwa papo.

Tulizunguka siku tatu. Tulikaa baa za mjini, tukaingia hoteli, tukaenda kilabu, mwisho tukafika kwa mama mmoja anayepika wanzuki, pombe ya asali, nje kidogo ya mji. Tangu hapo nimeulizwa swali hilohilo na wageni wengine watatu, basi naziweka sehemu hizo kando kwa kando ili anayekuja achague kwa kadiri ya muda alionao na anachokitafuta.

Kipimo nilichotumia ni maswali matatu: imetengenezwa kwa kitu gani, lini, na nani? Anayekuuzia akiyajibu yote bila kugugumia, umefika. Akijibu moja tu, kunywa ukipenda, lakini hiyo ni bia kama bia nyingine.

Baa za mjini na chupa zake

Wengi huanzia hapa, nasi tulianzia hapa. Ukitoka stesheni na kupita chini ya miembe mikubwa kuelekea katikati ya mji, baa hukosi. Mhudumu atakuuliza, "Baridi au ya moto?" na kabla hujajibu ameshataja orodha unayoijua: Kilimanjaro, Safari, Serengeti, Castle, Balimi, Ndovu. Penye friji kubwa utakuta na Heineken, Windhoek au Guinness.

Sizibezi bia za kiwandani. Kampuni ya kwanza kubwa ya bia ilianza Tanganyika mwaka 1933, ikaja kuwa Tanzania Breweries (TBL) mwaka 1964, kwa hiyo chupa imo katika maisha yetu tangu enzi za mababu. Hata majina yake yana kitu cha kwetu. Balimi ni "wakulima" kwa Kisukuma, na Mnyamwezi hahitaji kutafsiriwa jina hilo. Ila kwa ulimi, lager zetu nyingi, yaani hizi bia za rangi ya dhahabu, ni ndugu wa tumbo moja. Nilimfumba macho shemeji kwa kitambaa nikampa glasi tatu tofauti za baridi kali. Alikosea zote tatu, na ni mnywaji wa miaka mingi. Baridi ikizidi, ulimi unakufa ganzi na kila lager inakuwa maji yenye uchungu kidogo.

Kwa hiyo kama huna namna zaidi ya baa, usipoteze muda kuruka kutoka lager hii kwenda ile. Ruka aina. Uliza nyeusi: Guinness au Castle Milk Stout. Weusi ule na ile ladha inayokaribia kahawa hutoka kwenye nafaka iliyokaangwa kabla ya kupikwa, na tofauti yake na lager utaionja hata ukiwa na mafua. Au uliza Windhoek ya Namibia, inayofuata ile kanuni ya zamani ya Ujerumani ya mwaka 1516: shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na maji, bila kuchanganya mahindi wala sukari. Iache mezani dakika kumi baridi ipungue ndipo unywe. Utaelewa kwa nini wengine wanaitafuta.

Kati ya baa na baa, kinachotofautisha ni utunzaji wa chupa. Hapa ndipo macho yako yafanye kazi kabla ya mdomo. Angalia kreti ziko wapi. Jua la Tabora la mwezi wa tisa na wa kumi ni kali, na mwanga ukiipiga bia huharibu hopsi zilizomo, ikatoka harufu inayofanana na ya kicheche. Chupa ya kahawia huikinga bia. Ya kijani haiikingi sana, na nyeupe haiikingi kabisa. Baa moja ya kando ya barabara walitupa chupa ya kijani iliyokuwa imepangwa dirishani kama pambo. Nilipoifungua tu, shemeji akasogeza kiti. Mhudumu hakuwa na kosa, alipewa kazi ya kuuza, hakufundishwa kutunza. Lakini tulilipa.

Angalia pia stempu ya kielektroniki ya TRA, ile iliyoanza kubandikwa kwenye bia, mvinyo na vinywaji vikali mwaka 2019, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Bia si kama asali, haiboreki kwa kukaa. Baa inayouza sana ndiyo yenye chupa changa, hata kama viti vyake ni vya plastiki na ukuta umebanduka rangi. Kati ya baa nzuri ya watu watano na baa ya kawaida ya watu hamsini, mimi kwa ajili ya bia naenda ya watu hamsini.

Maswali yangu matatu je? Chupa inajibu "kitu gani" kwa maandishi madogo, na "lini" kwa tarehe. "Nani" ni kiwanda kilicho mbali. Moja na nusu, tuseme.

Hoteli

Sitakaa sana hapa. Hoteli zenye baa ya ndani zina utulivu, friji isiyozimwa ovyo, choo safi, na wakati mwingine chupa mbili tatu za nje ambazo baa za mtaani hawaweki kwa sababu hazitoki. Bei iko juu. Ukiwa na mzee wako, au na wageni wa kikazi mnaotaka kusikilizana, ni mahali pazuri. Kwa mtu anayetafuta bia isiyopatikana kwingine, utakuwa umelipa zaidi kunywa kilekile.

Kilabu

Sasa tunaanza kukaribia. Kilabu cha pombe ya kienyeji ni banda, mabenchi, ndoo, na watu wanaofahamiana. Kiko karibu kila upande wa mji, na dereva yeyote wa bodaboda ukimwambia "nipeleke kilabuni, kwenye pombe ya mtama" atakufikisha. Siku za kazi usiende mchana. Sheria ya vileo inataka shughuli ianze jioni, na mauzo yenyewe hunoga jua likishaanza kulegea.

Pombe ya mtama ni chakula kinachonyweka. Mtama unalowekwa, unaachwa uchipue, unaanikwa, unasagwa: hicho ndicho kimea. Unapikwa uji, unaachwa upoe, kimea kinaingia na kuugeuza wanga kuwa sukari, kisha chachu inamaliza kazi. Inakujia nzito, ya rangi ya udongo mwekundu au kahawia, na chembe za nafaka zinaelea. Haijachujwa ikawa maji, na bado inachemka yenyewe ndani ya kopo unapoinywa. Ladha ina uchachu wa maziwa mgando kwa mbele na utamu wa mbali wa nafaka kwa nyuma. Shemeji alipiga funda la kwanza akakunja uso. La tatu akauliza jagi ni kiasi gani.

Kwa wazee wetu pombe hii ilikuwa ujira. Ukiwa na shamba kubwa ulipika, ukaalika majirani, wakalima kwa pamoja mpaka jioni, ndipo wakanywa. Hadi leo ukikaa na wazee kilabuni utasikia mazungumzo ya shamba kuliko ya mpira. Kwa mgeni hilo ni nusu ya thamani ya kwenda.

Uchanga ndio kila kitu. Siku ya kwanza pombe ni tamu na laini, ya pili imesimama sawasawa, ya tatu imekuwa kali na chungu, ya nne wanaoinywa wanatafuta kulewa tu. Basi ukifika salimia kwanza, Mwadila kama ni jioni, kisha uliza: "Hii ya lini?" Muuzaji wa kweli hatakasirika. Atakwambia ya jana, au atakwambia subiri, ya leo inachujwa. Baada ya mavuno, kuanzia Juni kwenda Agosti, mtama ni mwingi na pombe ni nzuri. Masika nafaka inapokuwa ghali, kimea hupungua na pombe huwa nyepesi.

Kilabu kina mapungufu yake, sitayaficha. Kopo moja linapita midomo mingi. Nenda na kikombe chako, hakuna atakayekushangaa ukisema tumbo lako halizoei. Choo mara nyingi ni cha shida. Kelele huanza saa mbili usiku, na ugomvi ukitokea hutokea baada ya hapo, kwa hiyo sisi huondoka saa moja na nusu. Dada yangu anapenda pombe ya mtama kuliko sisi wote, ila haendi peke yake, na sidhani anakosea.

Maswali matatu: yote yanajibiwa. Mtama, jana, na mpishi ni yule mama aliyefunga kitenge pale kwenye ndoo.

Kwa mpishi wa wanzuki

Nimewaweka wengine mbele ili niyafikie haya kwa nafasi. Kama Tabora ina bia ambayo mtu anaweza kupanda treni kuifuata, ni wanzuki: pombe ya asali. Neno lenyewe limebeba nzuki, yaani nyuki.

Na asali hapa ni jambo la ardhi yenyewe. Ukitoka mjini kwenda Sikonge, Urambo au Kaliua unaingia misitu ya miombo isiyokwisha, na juu ya miti utaona mizinga ya magogo na ya magome imening'inia. Tabora ndiko kuliko na chuo cha ufugaji nyuki cha serikali. Warina asali huingia porini kwa siku nyingi, wakarina usiku kwa moshi. Msimu mkubwa ni baada ya mvua, kiangazi kinapoanza, ndiyo maana Juni na Julai madumu yamejaa sokoni.

Mama tuliyekwenda kwake anaishi upande wa Kwihara, kule liliko tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, sasa makumbusho. Sitamtaja jina. Sisi sote tunamwita Mayo, yaani mama. Anapika kwa kibali, mara mbili kwa wiki wakati wa msimu, mapipa mawili tu. Nilimpigia siku moja kabla, maana kwa Mayo huendi kwa kushtukiza. Ukienda siku ambayo haijaiva atakupa maji ya kunywa na kukurudisha.

Tulimkuta uani chini ya mwembe. "Mwangaluka, Mayo," nikasema. "Mwangaluka, wanangu. Huyu mgeni wa wapi?" Alipoambiwa Dar, akacheka akasema, "Basi amezoea ya sukari." Akamshika shemeji mkono, akampeleka kwenye pipa lililofunikwa kwa kitambaa na ungo. "Inama. Weka sikio." Shemeji akainama. Nami nikainama upande wa pili. Ndani kulikuwa na sauti nyembamba, tss, tss, tss, kama manyunyu yanavyoanguka juu ya majani makavu. Mayo akasema ikiwa kama mvua kubwa, bado ni tamu mno. Ikiwa kimya, imekufa. Ikiwa manyunyu, leta kata.

Kinachotokea humo ndani kina sababu yake. Asali mbivu ina maji kidogo, chini ya asilimia 20, na kwa uzito huo wa sukari chachu haiwezi kufanya kazi. Ndiyo maana asali nzuri hukaa miaka kwenye dumu bila kuchacha. Ukiizimua kwa maji, chachu inaamka: inakula sukari, inatoa kileo na ile hewa inayofanya sauti. Mayo huweka kopo moja la asali kwa makopo matatu ya maji aliyoyachemsha na kuyapoza. Anaikoroga na masega yake yote, halafu anatia chachu aliyoibakiza kutoka mapishi yaliyotangulia. Siku tatu kiangazi, nne kukiwa na baridi ya Juni. Kisha anachuja kwa kitambaa mara mbili.

Rangi ilikuwa ya dhahabu iliyofifia, yenye ukungu kidogo. Juu zilielea chembe ndogo za nta, unaziona ukiinamisha kikombe kwenye mwanga. Povu halikukaa. Lilipanda likazimika, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana kinachoshikilia povu kwenye bia ni protini ya nafaka, na asali haina ya kutosha. Funda la kwanza ni ukavu, si utamu. Utamu umeshaliwa na chachu. Halafu inakuja harufu ya maua, halafu kwa mbali sana moshi, ule moshi wa mrina asali uliobaki kwenye masega. Shemeji alinyamaza. Alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akinyamaza, na huyu ni mtu anayeongea hata akiwa na tonge mdomoni.

Mayo alituletea michembe na karanga za kukaanga. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, ukivitafuna taratibu na wanzuki kavu, kila kimoja kinamwinua mwenzake. Nyama choma hapana, mafuta na chumvi vinaizima.

Wanzuki ya sukari utaijuaje

Hapa ndipo wageni wengi wanapoibiwa, na si wageni tu. Asali ni ghali na sukari ni rahisi, kwa hiyo mjini kuna wanzuki nyingi isiyo na tone la asali: sukari, hamira ya dukani, na majani ya chai ya kutia rangi. Wanzuki ilipoanza kupendwa na watu wa nje ndipo uchakachuaji ulipozidi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mpishi wa wanzuki akisifiwa hulitia sukari. Nimeshauziwa hivyo mimi mwenyewe, mwenyeji, kwenye kilabu ambacho zamani kilikuwa na sifa kubwa. Niliumia kuliko nilivyotegemea. Fedha ilikuwa ndogo, ila nilikuwa nimemleta mtu na nimemsifia njia nzima.

Watu watakwambia angalia nyuki: wakizunguka ndoo, ni asali. Si kweli. Nyuki huifuata sukari vilevile, nenda genge lolote la juisi ya miwa uwaone. Tumia vipimo hivi badala yake. Rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yenye wekundu ulio sawasawa toka juu hadi chini, itilie shaka. Utamu unaokugonga mwanzoni kisha hakuna kinachofuata, itilie shaka. Na kipimo ninachokiamini kuliko vyote: maliza kikombe, kiweke chini, zungumza kidogo, halafu kinuse kikiwa kitupu. Cha asali bado kinanukia maua na nta. Cha sukari kinanukia mkate mbichi, yaani hamira, au hakinukii kitu.

Povu zito linalokaa lina maana nyingine. Mpishi ametia unga wa mtama au uwele. Huo si udanganyifu, wapo wanaopika hivyo na ni nzuri, ila uambiwe.

Na ukisikia mtu anakunong'oneza kwamba ana kitu kikali zaidi nyuma ya nyumba, simama uondoke. Hiyo ni gongo, imepigwa marufuku, na kuna waliopofuka na waliokufa kwa pombe za kukeneka zilizotengenezwa vibaya. Wanzuki na pombe ya mtama hazikenekwi, zinachachushwa tu. Mpaka huo ni mkubwa, usikubali mtu akuchanganyie maneno.

Nawe unayekuja, uende wapi?

Ukiwa unabadili treni na una saa tatu tu, nenda baa yenye watu wengi karibu na katikati ya mji, uagize nyeusi, usiianze safari ya kumtafuta mpishi. Utachelewa, na wanzuki haipendi haraka. Ukiwa na jioni moja, nenda kilabu cha mtama mapema, na kikombe chako mkononi. Ukiwa na siku mbili au zaidi, tumia ya kwanza kuulizia na ya pili kunywa. Usiulizie baa, kwani mwenye baa hana sababu ya kukupeleka kwa mshindani. Uliza sokoni, kwa wauza asali. Wao wanajua nani hununua madumu mazima kila wiki hata bei ikipanda. Mtu anayenunua asali ya kutosha ndiye anayepika kwa asali. Hiyo ndiyo njia iliyonifikisha kwa Mayo miaka ile, na sijaona nyingine iliyo fupi zaidi.

Kumbuka pia Tabora ni mji wa Waislamu wengi na misikiti ya zamani. Yapo maeneo ambayo kubeba jagi barabarani ni kuwakosea watu adabu, na mwezi wa Ramadhani wauzaji wengi hupunguza au hufunga. Kunywa palipo pake. Wanzuki ya kweli haina dalili ya ukali mdomoni, inapita kama juisi, halafu magoti yanakuarifu ukisimama. Vikombe viwili, maji, vikombe viwili tena basi, na mtu mwingine aendeshe pikipiki.

Wengine huniuliza kama si bora kuendelea na reli hadi Kigoma, kilomita zipatazo 400 mbele. Kigoma ina yake: pombe ya ndizi, na Primus inayopikwa Bujumbura na kampuni ya Brarudi, ile ya chupa kubwa ya sentilita 72, ukiikuta. Kunywa Primus ukitazama Ziwa Tanganyika jua likizama upande wa Kongo, na mgebuka wa kuchoma sahanini, ni raha ambayo siwezi kuishindanisha na kitu. Lakini raha hiyo ni ya ziwa na samaki. Chupa yenyewe ni lager. Pombe ya ndizi ndiyo ya kufananishwa na wanzuki, na tofauti ni kwamba ndizi huiva mwaka mzima, kwa hiyo Kigoma huna haja ya kusubiri msimu. Ukiwa unakuja kati ya Januari na Aprili, asali ya Tabora ikiwa imepungua, ningekwambia endelea mbele. Juni hadi Agosti, shuka hapa.

Shemeji alitaka kubeba. Mayo alimkatalia mara mbili, akisema wanzuki haisafiri, bado inapumua. Aliposisitiza akamjazia chupa ya lita moja na nusu, si hadi juu, akamwonya asikaze kizibo. Treni iliondoka usiku. Kabla ya Itigi alinipigia, "Shem, chupa imekuwa ngumu kama jiwe." Nikamwambia alegeze kizibo polepole, na afanye hivyo kila kituo. Alifanya hivyo Itigi, Manyoni, Saranda, Dodoma, behewa zima likinukia maua, abiria wa kiti cha mbele wakiuliza amebeba nini. Alipofika Dar ilikuwa imekuwa kali kama siki. Alinipigia kuniambia hivyo, kisha akauliza Mayo anapika tena lini.